Gugu Lisilo na Masikio

Mwaka wa kwanza Cirhuza alipandisha mlima kutoka Kadutu
na mfuko wa mbegu mgongoni, muhuri mwekundu,
na neno jipya mdomoni: ngano sugu.
Ukiipulizia dawa, alisema, vyote vitalala
isipokuwa yenyewe.
Tukacheka. Tukampa kiti.

Na kweli vililala.
Wiki ya tatu shamba lilikuwa safi kama altare kabla ya misa.
Majembe tukayaegemeza ukutani, buibui wakayazoea.
Mama M'Rugenge, tuliyekuwa tukimlipa kupalilia,
akashuka Bukavu kuuza makaa.

Mwaka wa pili, vichaka vitatu vya nyasi kando ya mfereji.
Vitatu tu.
Nani huinamia vitatu?

Mwaka wa tatu tulizidisha kipimo,
vifuniko viwili kwa pompi badala ya kimoja,
Cirhuza kajifunga kitambaa puani,
harufu ikitangulia hadi kwa majirani.
Siku kumi baadaye nyasi zilikuwa zimesimama wima,
kijani, kama zimekunywa na kupangusa midomo.

Sikio la kufa halisikii dawa, ndivyo tulivyofunzwa.
Leo nimepiga magoti huku Kabare, ukungu umelifunika ziwa,
mche wa ngano mkono mmoja, jirani yake mkono wa pili,
na sijui nani ni nani.
Rangi ile ile. Kimo kile kile. Umande ule ule.
Mpaka kidole kiteremke pale jani linapoachana na shina:
ngano ina masikio mawili, madogo, meupe,
yamelikumbatia shina kama mtoto ashikavyo shingo.
Hili jingine, nyororo, tupu.
Halina sikio la kufa wala la kupona.
Dawa ingeongea na nani?

Nsimire, binti yangu, ana miaka minane na vidole vyembamba.
"Huyu hana!" anaita kutoka mstari wa nne.
"Mama, na huyu hana!"
Anang'oa, anakung'uta udongo, anatupa kapuni.

Safari hii hatukuharakisha kupanda.
Tulilima, tukaiacha ardhi ijidanganye kwamba tumepanda;
magugu yakachipua mbio, kama wageni waliosikia ngoma,
tukayapindua kwa jembe mizizi juu.
Ndipo tukamwaga mbegu.
Kipande cha juu tumekipa maharage.
Mama M'Rugenge amerudi. Bei yake imepanda.
Tumelipa.

Cirhuza amenuna, anaosha pompi isiyo na kazi.
Simlaumu.
Mimi ndiye niliyepita kando ya vile vitatu
na mikono yangu miwili, haina mzigo.

Ngano inapoanza kubadilika rangi
nayarudia yaliyotutoroka, nayakata vichwa
kabla hayajapukutika, nayachoma kwenye mawe.
Njiani kwenda nyumbani mbegu moja, yenye unywele mweusi,
imenasa kwenye pindo la kitenge.
Naitoa.
Nasimama, nageuza pindo lote,
natafuta nyingine.