Kabati na Ufa

Cherogony, dalali, alikuja na orodha ya mambo ishirini.
Akaanza na mbwa: mbwa aende kwa jirani.
Kisha mapazia ya Mama, yale ya maua ya zambarau.
"Haya yanaizeesha nyumba," alisema,
akayakunja upesi, kama barua isiyomhusu.

Nyumba yetu ya Kiamunyi: vyumba vitatu na stoo,
na Menengai yote unaiona kwa dirisha la choo.

Mukhwana, fundi wa rangi, alisema
rangi ya maziwa huvuta wanunuzi wenye mshahara.
Sikumuuliza alijuaje. Tukapaka maziwa
juu ya masizi ya makaa, juu ya alama za viganja vyetu,
juu ya nambari ya simu ya mtu tusiyemkumbuka
iliyoandikwa kando ya swichi.

Sofa ilikodiwa. Naam, sofa hukodiwa,
elfu tatu kwa siku mbili, na mito yake minne,
na bakuli la matofaa ya plastiki.
Mpwa wangu aliuma moja, likabaki na meno yake.
Tuligeuza jeraha lile liangalie ukuta.

Koti la Baba la kiwanda cha pareto
lilitolewa nyuma ya mlango likiwa na harufu yake kavu.
Miaka yote ile hatukuwahi kuona nzi akitua pale.

Palibaki ufa.

Ulianzia kwenye kizingiti cha chumba cha kati,
ukashuka kama mto kwenye ramani ya shule,
na vijito viwili, hadi usawa wa bega langu.
Kila masika yakiisha Baba alichukua penseli,
akaweka kistari kwenye ncha, akaandika mwaka.
Themanini na tisa. Tisini na moja.
Tisini na nane, baada ya zile mvua,
kistari kikaruka shubiri nzima.
"Usipoziba ufa," Mama alianza,
na Baba akamkatiza: "Kwanza nijue unakokwenda."

Cherogony alisema, paka.
Brashi ya Mukhwana ilikuwa inadondoka.
Nikasema, ukuta huo hapana.
Tukaelewana kwa kabati: likasukumwa pale,
vikombe vya wageni vikapangwa ndani,
vishikio vyote vikitazama upande mmoja
kama watoto wa gwaride.

Jumamosi walikuja.
Mmoja alipiga picha dari, akaondoka bila kuaga.
Mume na mke walinong'onezana chooni, wakaisifu Menengai.

Nyaboke alikuja peke yake, saa saba,
na viatu vya kazi ya usiku hospitalini.
Hakuitazama sofa. Alifungua mifereji yote, akangoja.
Aligonga kuta kwa vifundo vya vidole,
sikio karibu, kama apimaye kifua cha mtu.
Akafika kwenye kabati.

"Mbona hili linaziba nusu ya mlango?"

Cherogony akaanza habari za lami itakayofika mwakani.
Mimi nilikuwa nimekwisha kulishika upande wa kushoto.
"Nishikie huko," nilimwambia yule mama.
Kikombe kimoja kilianguka. Tukakiacha.

Alisoma kistari baada ya kistari,
kidole kikishuka miaka, midomo ikihesabu.
Cha mwisho ni elfu mbili na tatu.
Chini yake hakuna kistari kipya, ila mwandiko
uliozidi kutetemeka:
nne, papo hapo. Tano, papo hapo. Saba, papo hapo.
Kumi na tisa, herufi kubwa za mtu asiyeona vizuri:
PAPO.

Mimi pia sikuwa nimewahi kusoma hadi huko chini.

Cherogony alifunga faili lake.
Nyaboke hakusema atanunua.
Alisema bei ishuke laki mbili na nusu,
kwa sababu ufa ni ufa.
Kisha akauliza kama ile penseli bado ipo.

Ilikuwa kwenye mfuko wa koti,
na koti lilikuwa kwa jirani,
mbwa amelilalia.