Mengineyo

Afisa mpya kaja na fomu ya mkoa.
"Mama Andongwisye, tunaandika historia ya Baraza la Wanawake.
Kurasa mbili tu: mafanikio, changamoto, njia ya mbele."
Ndaga, nikamwambia, nikamvutia kigoda karibu na jiko,
maana mvua ya Tukuyu haijui kwamba huu ni Agosti,
nikashusha sanduku la bati darini.

Hiki ndicho kitabu. Kinanuka moshi na panya.
Nilikuwa karani wa kumbukumbu, miaka ishirini na miwili,
mwandiko wangu umesimama wima
kama mgomba ambao haujabeba mkungu.

Kikao cha kwanza. Waliohudhuria: saba.
Viti: vitatu.
Basi ajenda namba moja ikawa viti.
Tuliazima benchi kwa Bwana Shamba
kwa sharti lirudi kabla ya saa kumi,
na hilo nalo tuliliazimia, tukaligongea muhuri
uliokuwa bado na jina la idara ya mifugo.
Cheka, mwanangu. Sisi hatukucheka.

Geuza. Ukurasa wa kumi na tisa.
Syabumi wa Masoko, mjane.
Mumewe ana mwaka wa tatu kaburini
na bado analipwa kahawa.
Kadi ya ushirika ina jina la marehemu,
shemeji ana kidole gumba cha kutilia sahihi,
Syabumi ana mgongo wa kubebea gunia.
Tukaandika barua. Jibu: suala lenu linashughulikiwa.
Tukaandika tena. Linashughulikiwa.
Barua tisa. Nakala ninazo, kaboni imefifia,
lakini ukiinamisha karatasi kwenye mwanga
utaliona neno lile limejilaza
kama paka juu ya majivu.

Msimu ukafika, mvua ikagoma kukatika.
Syabumi akaja na mikeka minne
akaanika kahawa yake kwenye kibaraza cha wilaya,
chini ya paa zuri la serikali.
Hakupiga kelele. Aligeuza punje kwa kiganja.
Siku ya pili tulikuwa wanane pale,
na wakubwa wakawa wanaingia ofisini kwa ncha za vidole,
mafaili kwapani, suruali wamezipandisha.
Siku ya nne kadi ikatoka.
Namba 417. Jina: Syabumi.
Mbele yake hapakuandikwa "mke wa".

Hayo yaweke kwenye mafanikio.
Weka pia kwamba tulibadilishwa jina mara tatu,
kila jina refu kuliko fungu lake la fedha,
na kuna mwaka hatukukaa hata mara moja
kwa sababu karatasi zilikwenda kwenye uchaguzi.

Lakini usifunge kitabu.
Ukurasa wa sitini na moja usiutafute humo.
Niliuchana mwenyewe. Huu hapa, kwenye bahasha.
Ikupa, mhudumu wa kilabu cha pombe, Katumba,
kapigwa na mtu mwenye cheo.
Alikaa nje ya mlango wetu tangu asubuhi, kanga imelowa.
Ndani tulijadili mwenendo wake.
Wote saba, kwa kauli moja:
"Mleta shauri si mfano mwema. Lisisikilizwe."
Mwandiko ni wangu. Tazama ulivyosimama wima.
Saa kumi kasorobo nikatoka kurudisha benchi,
lile lile, bado la kuazima.
Ikupa akainuka, akashika upande wa pili.
Tukalibeba wawili mpaka kwa Bwana Shamba
na njia nzima hakuniuliza tumeamuaje.

Afisa kashika kalamu, anaitazama fomu.
Anasema haina nafasi ya jambo kama hilo.
Mwanangu, kila muhtasari kabla ya kufungwa
una kale kamstari kanakoitwa Mengineyo.
Kachore kwa mkono.
Halafu anza na jina, sitaki tena "mleta shauri".
Andika Ikupa.
La pili acha wazi.
Hatukumwuliza.