Idadi ya Paka, Ongeza Moja

Nilihamia kwa Hilkka mwezi wa Novemba,
Tampere, ghorofa ya nne, lifti ya watu wawili,
nikiwa na paka mmoja, mbwa mmoja mrefu kama mkate,
na beseni la mchanga nimelikumbatia kifuani
kama bwana harusi aliyekosea zawadi.

Yeye alikuwa na paka wake wawili.
Daktari wa mifugo, msichana wa juzi tu, akatuambia:
hesabuni paka, kisha ongezeni moja.
Mabeseni manne, basi, na vyumba vitatu.
Wala yasipangwe safu kama askari wa gwaride;
kwa paka, manne yaliyobanana ubavu kwa ubavu
ni beseni moja tu lenye majivuno.

Tukachora ramani nyuma ya bili ya umeme.

La kwanza, sauna. Huku kila nyumba ina sauna,
na yetu siku sita ni stoo ya ndoo na taulo.
Lakini Jumamosi ni Jumamosi:
saa kumi na mbili jioni beseni linatolewa mbio,
mawe yanapashwa, nasi tunaketi uchi, wazee wawili,
tukinusa mbao za moto
na, kwa mbali, kitu kingine.

La pili, kando ya mashine ya kufulia.
Ikaanza kukamua mashuka Noki akiwa kazini.
Aliruka akapita juu ya kichwa changu,
na pale hajarudi hadi leo.
Hata wewe usingerudi, alisema Hilkka,
akalihamishia nyuma ya kochi.

La tatu, jikoni. Hapana, alisema.
Hakueleza, nami sikuuliza.
Korido, basi. Lakini korido ni njia ya Pulla,
na Pulla, ambaye jina lake kwetu ni andazi,
haoni choo pale; anaona kapu la ndugu zake.
Tukalipandisha juu ya kabati fupi.
Vijana walifurahi. Viiru ana miaka kumi na sita,
nyonga zake zinalia kama bawaba;
akatazama juu, akanitazama mimi,
akaenda zake taratibu
akakojoa mbele ya mlango wa chumba cha mwisho.

Mlango ule sikuwa nimeugusa.
Nilijua tu kwamba nyuma yake kuna meza, redio,
na koti la marehemu Eino,
na kwamba Viiru alikuwa paka wa Eino.
Siku ya pili akakojoa palepale. Ya tatu pia.
Hilkka alipiga magoti akasugua kwa siki
bila kusema neno, nami nikashika ndoo,
maana kuna mahali mtu ukifika
kazi yako ni kushika ndoo.

Jioni nikavaa miwani, nikamsomea karatasi ya daktari:
paka mzee anataka kona tulivu,
mwanga kidogo, pasipo kelele wala wapita njia,
aone anayeingia kabla hajaonwa,
na asibughudhiwe mpaka amalize.

Hilkka akasema: Hapo umemweleza Eino.

Akacheka. Kisha hakucheka.

Alifungua Jumapili, theluji ikianguka ya kuchelewa.
Tulisogeza meza shibiri tatu, si zaidi.
Koti likabaki kwenye msumari wake,
beseni lenye ukingo mfupi chini yake.
Viiru akaingia kama mwenye nyumba aliyekuwa safarini,
akazunguka mara mbili, akachimba,
sisi tumesimama mlangoni tumeshikana mikono
kwa jambo ambalo, ukimsimulia mtu,
atakuuliza kama huna kazi.

Sasa yako manne. La ziada ni lipi,
hatujakubaliana.

Usiku nyonga zangu nazo huniamsha.
Nasikia mchanga ukikwaruzwa
nyuma ya mlango tuliouacha wazi kiasi cha paka,
na Hilkka, niliyedhani amelala,
anasema gizani: Ni Viiru huyo.
Nami nasema: Ndiye.