Kisima Nambari Nne

Simu ya zamu hulia saa tisa na dakika arobaini usiku,
na anayepiga si mtu. Ni pampu:
shinikizo limeshuka, mstari wa kaskazini.
Navaa koti juu ya nguo za kulalia,
nakata mashamba ya shayiri ya Jutland
yaliyojifunika ukungu hadi kidevuni,
nafika, nawasha taa, nasikiliza.

Thorkild, aliyenifunza kazi,
aliegemeza sikio kwenye mpini wa bisibisi,
ncha yake juu ya beringi, akasema:
mota haiongopi, Solvej,
ila mita huongopa Jumatatu.
Amestaafu. Sijajua bado kwa nini Jumatatu.

Mjini wanayajua maji yakishavaa.
Mimi nayapokea yakiwa hayana adabu,
ya baridi, yananuka yai viza,
yamebeba chuma kisichowahi kuonja hewa.
Nayashusha ngazi za zege, yapumue.
Chuma kinageuka kutu, mchanga unaikamata kutu,
na kila siku ya tatu nausukuma mchanga kinyume
mpaka bwawa la nje liwe rangi ya tofali.
Basi. Hatutii klorini. Hatutii kitu.

Usiku wa fainali ya mpira wa mikono
nilijua mapumziko yamefika, na sina televisheni:
mshale uliporomoka ghafla,
mji mzima umesimama kwa pamoja kwenda chooni.
Nikaongeza pampu ya pili, nikacheka peke yangu.

Maji yakimwagika hayazoleki, ndivyo isemwavyo.
Miaka ishirini na sita nalipwa mshahara kuyazoa.
Mvua ilimwagika, udongo ukainywa,
nami nairudisha juu, lita kwa lita,
mvua ya utotoni mwangu
inayochemka sasa kwenye birika la mtu nisiyemjua.

Alhamisi Ragnhild wa maabara alipiga simu
bila kuanza na habari ya hali ya hewa.
Nne, alisema. Imevuka.
Kidogo mno, usingekiona, usingekionja:
dawa ya magugu, ile ya chengachenga,
iliyopigwa marufuku wanangu wakiwa na meno ya maziwa.

Nilitandaza ramani ya chini ya ardhi.
Mishale ya bluu huonyesha maji yanakotoka,
yakitembea taratibu, mita chache kwa mwaka.
Nikafuata mmoja kwa kidole.
Ukavuka barabara. Ukapita nyuma ya kanisa.
Ukaingia uani kwetu.

Masika ya kipaimara changu, Baba alibeba ndoo
akazimwaga chenga juu ya changarawe,
kwa mkono mtupu, kama anayelisha kuku,
wageni wasije wakaona jani hata moja.
Alisoma karatasi ya maelekezo mara mbili.
Mama alisema ua umependeza, na kweli ulipendeza:
ninayo picha, nimevaa nyeupe,
changarawe tupu nyuma yangu, safi kama sahani.

Kisha mvua ikanyesha.
Kisha miaka arobaini na mitano.

Kisima hufungwa kwa kubonyeza skrini.
Mimi niliteremka na tochi nikaifunga vali kwa mkono,
mizunguko kumi na tisa, nikihesabu kwa sauti,
na bomba likakohoa, likanyamaza.

Jumapili nilikwenda kumwona. Ana miaka tisini na mmoja,
chumba chenye dirisha, glasi yenye mrija.
Nilimjazia maji. Aliyanywa yote.
Hukumbuka vitu vichache, na havipangi.
Akauliza: na ua, nani anaupalilia?

Magugu yamerudi, Baba, nikasema,
yamejaa mpaka kizingitini.

Akageuzia uso ukutani.
Aliona aibu.