Ya Kukwambia Kabla Hujapanda Ndege

Kwa Bikombo, Wete

Vyeti vyako usivitie sandukuni.
Vitie mkobani, na mkoba uupakate
kama kichanga.
Sanduku langu mimi lilitangulia Bahareni
nami nikashuka Maskati mikono mitupu;
likanifuata siku ya nne, na pweza mkavu wa mama
ameshajitambulisha kwa forodha nzima.

Ukitoka nje ya uwanja miwani itaingia ukungu.
Usidhani ni machozi. Ni Agosti.

Njia ya Nizwa ni milima mitupu,
rangi ya mkate ulioungua,
hata jani la kumsitiri mbuzi hakuna.
Utajiuliza, watu hawa wanakula nini?
Kisha mitende, imesongamana kama wageni wa harusi,
na maji ya falaji yanaingia shamba la kila mtu
kwa zamu, kwa saa, kwa daftari.
Nawe fedha zako ziendeshe hivyo hivyo.

Riali moja ni baisa elfu. Andika kiganjani.
Wiki ya kwanza nilikigeuza kila kitu kuwa shilingi,
ndimu, kiberiti, chupa ya maji,
nikarudi bwenini na kiu yangu.
Acha kugeuza. Kunywa.

Kiarabu chako cha chuoni ni sahihi mno,
na hilo ndilo tatizo.
Niliomba sabuni kwa irabu zote
kama khatibu juu ya mimbari.
Muuza duka alikuwa Mhindi wa Kerala.
Akanionea huruma, akanionyesha rafu kwa kidole.

Sasa la saa. Hili lishike kwa mikono miwili.
Karani akikwambia "thalatha," usihesabu kwetu:
tatu yao ni tisa yetu, jua limeshapinduka.
Mimi nilikwenda kupimwa mapafu saa tatu asubuhi,
nimejikwatua kama naposwa,
kumbe zimebaki saa sita nzima.
Nikakaa kwenye kiti cha chuma, nikalia kwa ndani.

"We mwana, wa wapi? Mbona umenywea hivyo?"

Kiswahili, Bikombo! Kiswahili cha bibi yetu,
kinatoka kwa mwanamke mwenye mtandio wa Kinizwa
anayesubiri dawa ya presha.
Bi Zuwena binti Saif, kazaliwa Mkoani.
Akauliza kama shokishoki bado huuzwa kwa fungu.
Saa sita zikapita, hata jina langu likiitwa sikulisikia.

Utakutana nao, wa namna yake.
Usiwaulize waliondokaje.
Atakayetaka atakusimulia; asiyetaka
atakuongezea halua.
Ipokee halua.

Kikombe cha kahawa, ukitosheka, kitikise.
Hakuna aliyeniambia. Nilikunywa kumi na kimoja
kwa adabu, nikakesha hadi alfajiri na kitabu cha takwimu.
Mtihani nilifaulu, lakini si njia hiyo.

Lete sweta. Usinibishie.
Nje utakaangwa, darasani utagandishwa,
na yote mawili kabla ya adhuhuri.

Siku ikinyesha watafunga chuo. Usicheke.
Mvua ile ile kwetu haimzuii mtoto kutumwa mkate,
lakini hapa bonde kavu hujaa bila kupiga hodi;
nimeona gari likizungushwa kama kifuu.
Atakayekwambia "tuvuke, ni maji ya kifundoni,"
shuka garini mwake.

Miezi mitatu ikipita utataka kurudi nyumbani.
Wote tulitaka. Usikate tiketi siku ya Ijumaa:
mchana ule maduka yamefungwa, bweni limenyamaza,
na ukimpigia mama utasikia kijiko kinagonga sufuria
na utajua hasa ni sufuria ipi.
Ngoja Jumapili. Jumapili kuna darasa,
na mwenzako wa dawati atataka kalamu.

Mengine utakosea mwenyewe, nisikumalizie.

Na yule pweza...
najua nilivyosema pale juu.
Mlete. Mfunge mifuko mitatu,
katikati ya sweta.
Bi Zuwena ameniuliza mara mbili.