Kokoto Isiyouzwa

Daktari amechora figo mbili nyuma ya risiti,
maharage mawili ya kalamu ya bluu,
akatia nukta. "Liko hapa, mama. Milimita sita."

Milimita sita!
Mimi Nyanzobe wa Bugarika, miaka kumi na tisa nagonga,
nauza nusu, nauza robo tatu, kwa ndoo na kwa toroli.
Hiyo yako, mwanangu, kwetu ni chenga,
tunawaachia kuku.

Lakini juzi usiku chenga ilinibana ubavuni,
ikashuka mpaka kinenani,
nikatambaa sakafuni nikimwita mama aliyekwisha kufa.

Anaeleza taratibu. Kuna mashine
inapiga mawimbi kutoka nje ya ngozi, du, du, du,
jiwe lisagike humo humo ndani.
Hiyo naijua. Ni nyundo.
Kuna mrija mwembamba unaopita njia ya mkojo,
mbele una mwanga mkali, unalichoma liwe vumbi.
Hiyo nayo naijua: Masalu huchoma tairi juu ya jabali
usiku kucha, alfajiri jabali linapasuka lenyewe, pa!
Na kisu?
"Kisu ni cha mawe makubwa, mama. Lako bado."

Nikauliza bei. Akataja.
Nikahesabu kwa ndoo, nikahesabu kwa tripu za Fuso,
nikamaliza kilima chote na nyumba zilizokaa juu yake.

Basi akaandika vidonge vya kulegeza njia,
sindano ya maumivu kwa leo,
na maji, mengi, mpaka mkojo uwe mweupe.
"Homa ikipanda usingoje. Njoo siku hiyo hiyo.
Kwani mama hunywi maji?"

Nikatazama dirishani. Ziwa lote lile.
Nitamwambiaje kijana huyu
kwamba kule mwambani hakuna choo,
wanaume wanageuka tu upande,
na mwanamke anaifunga kiu kiunoni pamoja na khanga
tangu asubuhi hadi jua lizame nyuma ya Saanane?

Siku ya kumi na moja. Chujio kuukuu la chai juu ya kopo.
Nikasikia: ti.
La kahawia, lina miiba, kama punje ya mtama.
Daktari analitaka akalipime.
Nimelifunga kwenye pindo la khanga, panapokaa pesa.

Leo nimepanda na dumu la lita tano,
na Kwangu nyuma yangu, mabati mawili kichwani.
Masalu anacheka: choo, hapa? Chini ni mwamba mtupu,
hapachimbiki.

Sawa.
Nipe hiyo nyundo.