Unadai Nini?

Karatasi ishirini na mbili mezani,
chai imepoa, dirisha linatoka jasho la Novemba
na tramu ya mwisho ya Łódź inakata kona kwa sauti ya msumeno.
Naanza na ya Ignacy:
"Tangu enzi na enzi, binadamu amekuwa akivaa nguo."
Ignacy mwanangu, enzi na enzi ulikuwepo?
Nafuta hilo. Naandika kwa upole:
Anza karibu zaidi.

Jagna kaja na kamusi mkononi;
kamusi yasema kiwanda ni mahali pa kuzalisha bidhaa.
Ahsante, Jagna. Hilo hata mlinzi wa geti analijua.
Bożydar ameahidi karne tatu, mabara mawili,
vita, migomo, na bei ya pamba,
vyote katika kurasa nane.
Mji wetu nao jina lake ni Mashua, na bahari hauna,
lakini mji haukuombwa kuandika utangulizi.
Pambizoni: Mlango huu ni mkubwa kuliko nyumba.

Ya Otylia ilikuwa safi.
Kila mkato mahali pake,
marejeo yamepangwa kama vijiko kabatini.
"Katika insha hii nitachunguza masuala mbalimbali
yanayowahusu wanawake wa viwanda vya nguo."
Mbalimbali!
Neno hilo ni koti la kuazima,
humwingia kila mtu, halimkai yeyote.
Nikaandika kwa penseli, maneno mawili tu:
Unadai nini?

Alhamisi akaja ofisini, mwavuli ukichuruzika,
karatasi ameikunja mara nne
kama barua ya kuachishwa kazi.
"Mwalimu, mimi simdai mtu.
Nimesoma, nikaeleza. Basi."
Nikamwambia, kaa.
Weka vitabu chini. Nitajie jambo moja
ambalo mtu akilikana mbele yako, utakasirika.

Kimya. Bomba la joto likagugumia ukutani.
Kisha akasema, si kwangu, kwa dirisha:

"Mama yake bibi, Genowefa, alifuma miaka thelathini na moja.
Kwetu hakuna aliyenong'ona.
Nikiwa mdogo nilidhani wazee wote husoma midomo,
kwamba masikio huchakaa tu, kama soksi.
Aliacha kidaftari cha makato:
kwa uzi kukatika, kwa kuchelewa,
kwa kucheka zamu ya usiku.
Masikio hayamo.
Nimekipekua chote. Hayamo."

Sikusema neno. Nikasukuma penseli upande wake.
Akaandika, akafuta, akaandika,
karatasi ikachanika kidogo kwenye mkunjo:

"Uziwi wa wafumaji haukuwa ajali.
Ulikuwa makato ya mshahara
ambayo hakuna mhasibu aliyeyaandika."

Nywele zikanisimama.
Lakini mkono wa mwalimu una tabia zake:
Nani alijua? Tangu mwaka gani? Hati ziko wapi?
Mwenye kiwanda angekujibu nini,
na ungebaki na nini baada ya jibu lake?
Nikajaza pambizo mpaka chini.
Nikaona uso wake ukishuka mstari kwa mstari;
alikuwa amengoja nimwambie vema.
Vema, nikasema. Vema sana, Otylia.
Ndiyo maana nakuuliza.
Dai dogo haliulizwi chochote.

Akasimama, akafunga vifungo vya koti vibaya,
kimoja kimeruka,
akaniuliza ofisi ya nyaraka hufungwa saa ngapi.
Sikuwa na hakika.
Akashuka ngazi mbili mbili.

Leo ni Jumanne. Mwavuli wake
bado umeegemea kabati langu, umekauka zamani.
Simwoni darasani.
Jagna anasema amemwona chumba cha kusomea,
glovu nyeupe mikononi, midomo inamchezacheza,
kama mtu anayefuata mazungumzo mbali.

Na Ignacy ameleta rasimu ya pili.
Nimevaa miwani, nimechonga penseli:
"Tangu karne ya kumi na tisa, binadamu…"

Amesogea.
Si haba. Kijana amesogea.